UZI: Kutoka St. Joseph's Convent hadi Tumekuja, historia ya skuli ya masista Mji Mkongwe

MwanaVuga (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na amani kwenu nyote wa humu.

Kila zikizungumzwa skuli kongwe za Unguja, majina huwa ni yale yale. Utasikia Lumumba, ambayo wazee waliijua kwa jina la King George VI. Utasikia Ben Bella, iliyokuwa skuli ya serikali ya wasichana. Ikifika zamu ya Tumekuja watu husema tu "ile ilikuwa ya masista", mazungumzo yakaishia hapo. Mamaangu kasoma pale ilipokuwa bado ikiitwa St. Joseph's Convent. Mimi nimesoma kwengine, lakini tangu utoto nimelelewa na habari za skuli hiyo, na nimekuwa nikikusanya kila ninachokipata. Nayaweka hapa kwa sababu naamini historia yake si mali ya Wakatoliki peke yao. Ni ya mji mzima. Madawati yake yamekaliwa na Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa, India, na Waislamu kama mamaangu, na Maparsi, na Wahindu, na leo wanayakalia watoto kutoka kila mtaa wa Unguja.

Inabidi tuanzie mbali. Disemba 1860, zama za Sayyid Majid bin Said, iliingia bandarini meli kutoka kisiwa cha Réunion. Ndani yake alikuwamo padri Mfaransa, Armand Fava, na mapadri wenzake na kikundi cha masista. Krismasi ya mwaka ule wakasali misa mjini. Masista wale walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, na hapa naomba msinipite haraka, maana pana jambo kubwa.

Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849. Utumwa kisiwani kule ulikuwa umefutwa tarehe 20 Disemba 1848, yaani miezi tu kabla. Na tangu mwanzo likapokea wanawake wa kizungu na wanawake waliotoka utumwani, wakavaa joho moja na kula meza moja, jambo lililowakera wakubwa wengi wa kisiwa. Basi fikirini. Wanawake wa mwanzo kufungua darasa la Kikatoliki Zanzibar walitoka katika shirika lililozaliwa na kufutwa kwa utumwa, wakashuka katika mji ambao watu walikuwa bado wananadiwa sokoni hadharani. Soko lile halikufungwa mpaka Juni 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Wengi wetu tunawajua Livingstone, msafiri, na Kirk, balozi wa Uingereza hapa, lakini wanawake hawa hatuwataji.

Wakapata majumba Shangani. Wakafungua kanisa dogo, hospitali, karakana na skuli. Mwaka 1863 kazi ikakabidhiwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakaja Padri Antoine Horner na Padri Étienne Baur. Watoto waliokuwa wakisoma hapo wengi walikuwa wamekombolewa sokoni, na baadaye wakaongezeka walioletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa. Wavulana walifunzwa useremala, uhunzi na uashi. Wasichana walikuwa mikononi mwa masista, wakifunzwa kusoma, kushona na kazi za nyumba. Mwaka 1868 mapadri walifungua misheni Bagamoyo, ambako kulikuwa na ardhi ya kulima, na watoto wengi wakahamishiwa huko. Ndiyo maana historia ya Bagamoyo inajulikana kuliko ya Shangani, ingawa Shangani ndiyo mama.

Baada ya hapo misheni ya Unguja ikazidi kuwaelekea watu wa mjini. Wagoa walikuwa wakiongezeka: makarani, mafundi cherehani, wapishi, wapiga muziki katika bendi ya Sultani, wapiga picha. Wakatoliki wa tangu mababu, na walitaka kanisa kubwa na skuli ya watoto wao. Kanisa likaanza kujengwa 1893 wakati Askofu akiwa Raoul de Courmont, na ndilo hili tunaloliita Minara Miwili, mnaloliona mkiwa bado baharini mkitoka Dar. Skuli ya masista ikakua chini ya jina lile lile la kanisa, la Mtakatifu Yosefu. Masomo kwa Kiingereza, na juu kabisa mitihani ya Cambridge, ambayo ndiyo iliyokuwa kipimo cha sekondari Afrika Mashariki yote.

Sasa mtu atauliza, Waislamu walifuata nini kwa masista? Jibu ninalolipata kwa wazee ni kwamba pale mtoto wa kike alifundishwa na wanawake. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa 1927 tu. Mzazi aliyetaka binti yake asome, na papo hapo hataki afundishwe na mwanamme, hakuwa na milango mingi ya kubisha.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, skuli za mashirika ya dini na za jamii zikachukuliwa na serikali. St. Joseph's Convent ikawa Tumekuja.

Ombi langu: aliyesoma pale, enzi yoyote, au aliyesimuliwa na mzazi wake, atuwekee. Wale wa miaka ya 1940 na 1950 wanatuondokea.

---

Kijana_wa_Mtoni

Dada MwanaVuga, ahsante kwa uzi. Nauliza kwa kutaka kujua: hii si ndiyo ile misheni ya Mkunazini, penye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa? Mimi siku zote nadhani ni watu hao hao.

---

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, hao ni wawili tofauti, na suala lako ni zuri kwa sababu hata watembeza wageni nawasikia wakiwachanganya.

Mkunazini ni Waanglikana. Walikuja kutoka Uingereza kwa misheni ya vyuo vikuu vyao, wakahamia Unguja 1864 na Askofu Tozer. Kanisa lao lilisimamiwa na Askofu Edward Steere, na jiwe la msingi liliwekwa 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Lina mnara mmoja. Skuli yao ya wavulana ilikuwa Kiungani, ya wasichana Mbweni. Magofu ya Mbweni bado yapo, kila mtu anaweza kwenda kuyaona.

Minara Miwili ni Wakatoliki, Wafaransa kwa asili yao, na wao walitangulia kwa miaka kama minne. Hawakuwa washirika, walikuwa washindani hasa, ingawa wote walipokea watoto kutoka kwenye majahazi yaliyokamatwa. Kwa sisi walimu wa lugha wote wawili wana haki yao. Steere aliandika sarufi na kukusanya hadithi za Unguja. Kwa Wakatoliki alikuwapo Padri Charles Sacleux, aliyefika pwani hii 1879 akashika lahaja zetu moja moja, kutoka visiwani hadi bara, akatunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ambayo mpaka leo mtu akitafuta neno la kale la mabaharia au la wavuvi, huko ndiko anakolikuta. Ilichapwa Paris yeye akiwa tayari ni mzee sana.

---

Mtu_wa_Kwahani

Nimesoma yote na nashukuru kwa utafiti. Lakini naona uzi umeanza kupendeza mno. Tuseme wazi: watoto walinunuliwa. Aliyenunua alikuwa padri, sawa, lakini pesa ilitoka mkononi ikaingia mkononi na mtoto akahama bwana. Akabatizwa bila ya kuulizwa, akapewa jina la kizungu, akapelekwa Bagamoyo kulima shamba la misheni. Akikua akaozwa mle mle na kuwekwa katika kijiji cha misheni. Huo ni uhuru gani? Na kila sarafu iliyolipwa pale sokoni si ilimpa mwenye kuuza sababu ya kurudi bara kuleta wengine?

Sisemi kwa chuki na dini ya mtu. Nasema kwa sababu babu wa babu zetu wengine wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ni hao hao watoto.

---

MwanaVuga

Mtu wa Kwahani, nakubaliana nawe kwamba lisifichwe, na sitaki uzi uwe wa kusifu tu. Hoja ya kuwa ununuzi uliwapa faida wauza watu ni hoja nzito, na Waingereza wenyewe waliitoa wakati ule ule.

Lakini tumtazame mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka saba aliyetolewa bara, njia nzima kwa miguu, akavushwa bahari akafika sokoni Unguja. Kurudi kwao hakujui njia, na aliyebaki huko hajulikani. Aliyebaki sokoni siku ile alikwenda karafuuni au alipakiwa kwenda Uarabuni. Aliyechukuliwa na misheni alikwenda darasani nusu ya siku na karakana nusu ya siku. Sisemi ilikuwa hiari. Nasema baina ya njia zilizokuwapo, hii ilimpa herufi na ufundi, na ufundi ule uliishi. Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipokuja 1873 kuja kumshinikiza Barghash afunge soko, alitembelea kazi ya Wafaransa na akaisifu mbele ya Waingereza wenzake, akisema namna ile ya kuunganisha masomo na kazi za mikono ndiyo ya kufuatwa. Alikuwa Mwingereza na Mprotestanti, hakuwa na sababu ya kuwapamba.

---

Mwalimu_Mstaafu

Naomba niongeze, maana nyote wawili mmegusa ukweli.

Nidhamu ya Bagamoyo ilikuwa kali na kengele ndiyo iliyotawala siku. Kijana akikomaa aliozwa, akapewa kibanda na kipande cha ardhi katika kijiji cha Wakristo, na bado alikuwa na siku za kufanya kazi katika mashamba ya misheni. Mtu wa leo akisoma hayo lazima aulize kama Kwahani alivyouliza. Mapadri wenyewe waliona baadaye kuwa mpango wa vijiji hivi hauwezi kuwa njia ya kueneza dini, wakageukia kujenga misheni bara kwa watu waliokuwa makwao.

Ila tukirudi kwenye skuli ya Unguja, lazima tutenganishe nyakati mbili, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Skuli ya Shangani ya miaka ya 1860 ilikuwa ya watoto waliokombolewa. St. Joseph's Convent ya karne ya 20 ilikuwa skuli ya mjini, ya kulipa ada. Jina la dini ni moja, na masista wapo kote kuwili, lakini mtoto aliyekaa darasani ni mwengine kabisa. Wa kwanza hakuwa na mzazi wa kumlipia chochote. Wa pili alikuwa binti wa karani, wa mfanyabiashara, wa ofisa. Ukitaka kuilaumu au kuisifu, sema kwanza ni ipi.

---

Bibi_wa_Malindi

Nimesomewa haya na mjukuu wangu na yeye ndiye anayeniandikia.

Mimi nimesoma kwa masista miaka ya mwanzo ya 1950. Baba yangu hakuwa na elimu ya Kizungu lakini alitaka mimi niwe nayo. Ndugu zake walimsema sana. Wakamwambia watamgeuza mtoto. Akawaambia, mtoto wangu ana chuo cha Qur'ani kwa maalim wake kila alasiri, na mimi nimo nyumbani, nani atamgeuza?

Na ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi nakwenda kwa masista. Nikirudi nakula, nasali, nakwenda chuoni na msahafu wangu. Wasichana wakubwa walikuja na mabuibui mpaka mlangoni, wakayavua na kuyakunja. Wenzetu Wakristo walipokwenda somo lao la dini sisi tulibaki na kazi nyengine, kushona au kuandika. Hatukulazimishwa dini.

Nachokikumbuka zaidi ni mwandiko. Sista akipita nyuma yako unajinyoosha mgongo. Herufi ilikuwa lazima ikae juu ya mstari, isizame wala isiruke. Mpaka leo watu wakitaka barua ya posa hunijia mimi. Na kudarizi: kofia za marehemu mume wangu nilizitia nakshi mwenyewe, kwa mkono uliofunzwa pale na kwa mamaangu, wote wawili.

Marafiki zangu walikuwa Mgoa mmoja na Mhindu mmoja. Sikukuu ya Idi walikuja kwetu, Krismasi nilipelekewa keki, Diwali tukala halua yao. Nani kayapanga hayo? Hakuna. Tulikuwa tunakaa dawati moja.

---

MwanaVuga

Shikamoo Bibi. Mwenyezi Mungu akuzidishie umri wenye afya. Mjukuu, tafadhali kaa naye umrikodi kwa sauti yake, hata kwa simu. Muulize majina ya masomo, walikaa darasa moja wangapi, ada ililipwa vipi, maana yote hayo tunayatafuta.

---

Mgoa_wa_Mbali

Habari zenu. Naandika kutoka Canada, lakini nimezaliwa Unguja na Kiswahili ndicho nilichochezea.

Familia yetu ilitoka Goa kizazi cha babu. Babu alikuwa fundi cherehani, baba akawa karani. Kwetu skuli na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Kila tarehe 3 Disemba, sikukuu ya Mtakatifu Francis Xavier, Wagoa wote walijaa Minara Miwili, kisha muziki na chakula. Watu wanaokusanya picha za zamani za Zanzibar wanajua majina ya Gomes na Coutinho. Hao wapiga picha walikuwa Wagoa. Nusu ya sura ya mji wa zamani mnayoiona leo kwenye kadi za posta imepita kwenye kamera zao.

Dada zangu walisoma Convent. Walipofika Nairobi, na baadaye London na hapa, wakaingia kazini mara moja, kwa Kiingereza na kupiga taipu. Mmoja akawa muuguzi. Baada ya 1964 ukoo wetu ulitawanyika nchi nne. Tukikutana kwenye arusi, wazee wakikaa kona yao, utawasikia wanagombana kwa Kiswahili cha mjini juu ya nani alikuwa akikimbia zaidi siku ya michezo. Kizazi kinachofuata hakielewi hata neno moja la wanachokisema.

---

Kijana_wa_Mtoni

Ni kweli kwamba Freddie Mercury kasoma hapo?

---

Mgoa_wa_Mbali

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, Mparsi, baba yake karani wa serikali. Masomo yake mengi aliyapata India, bweni, huko Panchgani. Alirudi Unguja akiwa kijana, na waandishi wa maisha yake wanataja kuwa alisoma St. Joseph's Convent kabla ya familia kuhamia Uingereza 1964. Kwangu mimi la kutazamwa ni hili: Mparsi, mfuasi wa dini ya Zoroasta, katika skuli ya masista, katika mji wa Waislamu, na kwa wakati ule hakuna aliyeliona ajabu.

---

Mtu_wa_Kwahani

Hapa tena lazima niseme. Mnaposema "mji" mnasema Mji Mkongwe. Watoto wa Ng'ambo, waliovuka daraja kuja kuwabebea mizigo wazee wenu, wangapi walikaa dawati hilo la keki na halua? Ada ile bibi yangu angeitoa wapi? Sensa ya 1958 ilihesabu watu 299,111 Unguja na Pemba. Wangapi kati yao waliona mlango wa sekondari yoyote ile, ya masista au ya serikali?

Ndiyo maana mimi nikisikia 1964 inatajwa kama msiba wa skuli hii, nasimama. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo. Mamaangu aliingia darasani kwa tangazo hilo. Bila ya hilo mimi nisingekuwa naandika hapa.

---

Mwalimu_Mstaafu

Hili ndilo lenyewe, na ahsante kwa kulisema bila ya kumtukana mtu.

Vijana hamuwezi kuliona leo, lakini kabla ya Mapinduzi elimu Zanzibar ilikuwa imekatwa kwa jamii. Waismailia na skuli yao, Wahindu na yao, Wangazija na yao, Wagoa na wenzao kwa masista, serikali na zake. Kila skuli ilikuwa na fadhila zake, na hii ya masista ilikuwa miongoni mwa zilizochanganya watu zaidi. Hata hivyo, ilichanganya wale walioweza kulipa. Nimefundisha miaka mingi baada ya 1964, na darasani kwangu nimewapata watoto wa wavuvi wa Nungwi na wa wapagazi wa bandarini, ambao vichwa vyao vilikuwa moto. Kabla ya hapo wangeishia kuhitimu chuoni na kurudi baharini.

Na upande wa pili nao ni kweli. Masista na walimu wengi waliokuwa na ujuzi wa miaka waliondoka, na ujuzi haurithiwi kwa kubadilisha kibao cha mlangoni. Kwa muda tulipungukiwa walimu sana. Vijana waliomaliza darasa mwaka huu ndio waliopewa chaki mwakani. Nilikuwa mmoja wao. Tulifundisha kwa moyo, lakini vitabu vilikuwa vichache na sisi wenyewe tulikuwa tunajifunza usiku tunachokifundisha asubuhi.

Kwangu mimi, walioijenga skuli hii na walioifungua milango wote wana sehemu yao. Mwenye kuandika historia yake asimwache hata mmoja nje.

---

Mpemba_Wete

Na sisi wa Pemba tutajwe. Mzee wangu akisimulia, mtoto wa Pemba akitaka sekondari enzi hizo alivuka bahari kwenda kukaa kwa jamaa mjini Unguja. Wavulana walikwenda. Wasichana ni wale wenye shangazi Unguja wa kuwapokea, na shangazi mwenyewe awe na moyo. Shangazi hao ndio wafadhili wa elimu ya mwanamke wa Pemba, na hakuna skuli hata moja iliyopewa jina lao.

---

Tumekuja_2003

Wakubwa, mimi nimesoma Tumekuja na nimemaliza pale. Miaka yote hiyo hakuna mwalimu hata mmoja aliyetuambia lolote katika haya. Tulijua jengo ni la zamani, kuta nene, madirisha marefu, na kwamba "palikuwa pa masista". Somo la historia tulisoma Vita vya Pili vya Dunia na biashara ya pembetatu ya Atlantiki, wakati soko la watumwa liko mwendo mfupi kutoka dirishani kwetu na skuli yenyewe chimbuko lake limo mle mle. Nimesikitika, na nimefurahi pia.

Masuala mawili. Kwanza, daftari la wanafunzi wa zamani liko wapi? Pili, Wakatoliki hawakurudi tena katika elimu hapa?

---

MwanaVuga

La pili ni jepesi. Baada ya 1964 kulikuwa na kipindi kirefu ambapo skuli zote zilikuwa za serikali. Kanisa lenyewe lilikuwa likijipanga upya: kabla ya hapo Zanzibar ilikuwa chini ya Jimbo la Mombasa, ikatengwa mwishoni mwa 1964, na ikawa jimbo kamili 1980. Miaka ya 1990 skuli za binafsi ziliporuhusiwa tena, jimbo nalo likarudi kufundisha. Skuli ya Francis Maria Libermann ni ya jimbo, na jina hilo ni la padri wa Alsace, mtoto wa kiongozi wa dini ya Kiyahudi, aliyewalea Mapadri wa Roho Mtakatifu kabla hata hawajafikiria kuja pwani yetu. Wanafunzi wake wengi ni Waislamu.

La daftari ni kazi. Mahali pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, Kilimani. Idara ya Elimu ya wakati wa Waingereza ilikuwa ikikagua skuli zote zilizopata ruzuku na kuandika taarifa zake. Anayetaka mambo ya 1860 na 1870 lazima agonge Ufaransa: hazina ya maandishi ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iko Chevilly-Larue, karibu na Paris, na barua za akina Horner zimo. Bagamoyo pana makumbusho ya misheni. Na msishangae mkiambiwa mtazame Nairobi na Mombasa. Askofu aliyekaa Zanzibar ndiye aliyekuwa akiisimamia Nairobi mpaka 1953, ilipofanywa jimbo kuu. Watu husahau kwamba kanisa la Nairobi limetoka Unguja.

---

Mwalimu_Mstaafu

Na kabla ya kwenda Paris, nendeni makabatini kwenu. Vyeti vya Cambridge, ripoti za muhula, picha za darasa. Picha nyingi nilizoziona nyumba za watu zimeharibika kwa unyevu na mchwa, na nyengine hazina jina hata moja nyuma. Mkipata picha, kwanza kaeni na aliyemo, muandike nani kasimama wapi, kwa kalamu ya risasi na si ya wino, nyuma, pembeni. Kisha ndipo muipige kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila ya taa ya simu. Isibandikwe kwa gundi popote.

---

Tumekuja_2003

Mwalimu, nimekusoma. Kuna jirani yetu Vuga, bibi wa Kihindu, nimesikia alisoma hapo pamoja na dada zake wawili. Kesho baada ya kazi nakwenda kumtembelea na mamaangu, wanajuana.

---

Bibi_wa_Malindi

Mjukuu wake tena. Bibi anauliza huyo bibi wa Vuga dada yake mkubwa alikuwa akicheza piano? Kama ndiye, anasema mwambie yule aliyekuwa akimgeuzia kurasa bado yuko hai, yuko Malindi, na nambari ya simu utapewa kwa ujumbe wa faragha.

---

MwanaVuga

Bibi, tunasubiri jibu kwa hamu. Wengine, nafungua uzi wa pili wa picha na vyeti peke yake ili huu ubaki wa simulizi. Mwenye picha ya mtu aliye hai aombe ruhusa yake kabla ya kuiweka. Mgoa wa Mbali, ukiweza waulize dada zako nyimbo walizoimba siku ya kufunga skuli. Mamaangu anakumbuka sauti tu, maneno yamempotea.